Kipimo cha kamera ya tumbo kwa kulipia: uzoefu wangu kutoka Malindi

Naandika haya kwa mtu wa Malindi au Lamu ambaye tumbo limemsumbua muda mrefu, dawa amemeza za kila rangi, na sasa ameshika vijisenti anajiuliza aende hospitali ya kulipia au aendelee kusubiri. Mimi nilikwenda. Nililipia endoskopi, yaani kile kipimo cha kamera, katika kliniki moja ya binafsi Mombasa. Jina lake nitaliacha, kwa sababu nina sifa za kuwapa na nina malalamiko pia. Kilichonifaa ni kipimo kimoja na daktari mmoja. Mengine yote ningeyapata hapa hapa Malindi kwa bei nafuu.

Maumivu yangu yalikuwa ya usiku. Nalala vizuri, kisha saa nane au saa tisa naamshwa na moto chini ya kifua. Nikila kipande cha mkate unatulia, baadaye unarudi. Mchana ni gesi, kiungulia na kichefuchefu. Mimi ni fundi wa nguo, nashona madera na mabuibui, kazi ya kuinama kutwa, kwa hiyo mgongo nao ulikuwa na yake. Duka la dawa la kwanza waliniambia ni amiba. La pili wakanitoa damu wakasema taifodi, nikachomwa sindano. Baada ya miezi kadhaa, taifodi tena. Baadaye ndipo nilipoelezwa kwamba kile kipimo cha damu cha taifodi, kinachoitwa Widal, kinaweza kumwonyesha mtu ana taifodi naye hana, hasa sehemu kama zetu ambako wengi tumeshakutana na vijidudu vyake. Cha kuaminika zaidi ni kuotesha vijidudu kutoka kwenye damu maabara, na hicho dukani hakuna.

Nyumbani nako walikuwa na lao. Mama mkwe alikataza pilipili, akakataza achari, akakataza hata ukwaju wa bajia. "Mwanangu, hayo ni mawazo, punguza mawazo," ndivyo alivyonambia. Nilimtii maana ananipenda. Ila moto ule wa saa nane ulikuja vile vile, nimekula pilipili au sikula.

Aliyenifungua macho ni afisa wa kliniki katika kituo cha umma, kijana mpole. Aliangalia karatasi zangu zote akanambia: "Dada, hii omeprazoli, dawa yako ya kupunguza asidi tumboni, inakutuliza, lakini hatujui inatuliza kitu gani." Akaniandikia rufaa ya kamera. Pia alinitajia dalili ambazo mtu akiziona hangoji foleni yoyote: kutapika damu, choo cheusi kama lami, chakula kukwama kooni, kupungua mwili bila sababu, upungufu wa damu. Nikamwambia nguo zangu mwenyewe nimezibana pembeni mara kwa mara mwaka huo, na mimi futi ya kupimia haitoki shingoni, najua kiuno changu kilikuwa inchi ngapi. Alinyamaza kidogo, kisha akaandika "haraka" juu ya rufaa.

Tarehe niliyopata kwa upande wa umma ilikuwa ya mbali. Wakati huo huo zamu yangu ya mchezo, ule wa kuchangiana pesa kwa zamu, ilikuwa imefika, na pesa zile nilizipangia mashine ya ovaloki. Hapo ndipo penye uamuzi wenyewe, na sitaki mtu alichukulie jambo hili kirahisi. Kwa fundi, ovaloki ni chakula cha watoto. Mume wangu alisema mashine itangoja. Wifi yangu akasema na tumbo limengoja muda wote huo, lingoje kidogo tena. Kilichoniamulia ni ule mwili uliokuwa ukipungua, na Ramadhani iliyokuwa njiani. Nilitaka kujua kabla ya kufunga kama tumbo langu linaweza kuhimili saa nyingi likiwa tupu. Ningekuwa na gesi na kiungulia tu, bila kukonda, ningenunua mashine, nikasubiri tarehe yangu.

Kabla ya kulipa nilipiga simu. Waliniambia niache omeprazoli wiki 2 kabla ya kipimo, na nisiwe nimemeza antibayotiki kwa wiki 4, kwa sababu dawa hizo hufanya bakteria wa tumbo wasionekane. Wakaniuliza kwanza kama nimewahi kuona damu, maana anayetokwa na damu haachi dawa kienyeji, huamua daktari. Zile wiki 2 zilikuwa ngumu. Nililala nimeegemea mito. Lakini kliniki isiyokuuliza habari hiyo kwenye simu, mimi ningeitilia shaka.

Tuliondoka na matatu ya alfajiri, mimi na dada yangu. Lazima uwe na mtu, kwa sababu ukichomwa dawa ya usingizi hurudi peke yako. Kutoka Malindi hadi Mombasa ni kama kilomita 120, na mimi nilikuwa sijala tangu usiku. Kipimo chenyewe kilinitisha kabla kuliko kilivyokuwa. Walinipulizia dawa ya ganzi kooni, chungu, wakanilaza ubavu wa kushoto, wakaniwekea kitu cha plastiki baina ya meno, wakanichoma sindano. Nakumbuka kucheua na mkono wa muuguzi begani. Ilikuwa dakika chache tu. Baada yake nilikatazwa kula na kunywa hadi ganzi ya koo iishe, nisije nikapaliwa.

Daktari ndiye aliyenifanya nione pesa yangu haikupotea. Alikaa na mimi, akazungumza Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho, akachora tumbo nyuma ya karatasi akanionyesha kidonda kilipo: mwanzo wa utumbo mdogo, chakula kinapotoka tumboni. Ndiyo maana njaa ya usiku iliniamsha na mkate ukanituliza. Kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: "Mgongo ukiuma unameza nini, mama?" Diklofenaki. Huuzwa kila duka, na kila fundi ninayemjua anayo mkobani. Akanieleza kwamba dawa za jamii hiyo, pamoja na ibuprofeni na aspirini, huharibu utando unaokinga tumbo. Vinyama vidogo walivyovikata tumboni wakati wa kamera vilionyesha pia bakteria, Helicobacter pylori.

Nilimwambia kwetu wanasema ni pilipili na mawazo. Hakumdharau mama mkwe, na hilo nililipenda. Alisema pilipili inaweza kuchonyota kidonda kilichopo, na hata madaktari wenyewe waliamini vidonda vinatokana na mawazo, mpaka Waaustralia wawili, Robin Warren na Barry Marshall, walipoonyesha habari ya bakteria huyu. Mwaka 1984 Marshall aliwanywa bakteria hao ili athibitishe, akaugua tumbo, na mwaka 2005 wote wawili wakapewa Tuzo ya Nobel. Nilimsimulia mama mkwe yote hayo niliporudi. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza kama dawa zipo.

Sasa malalamiko. Bei niliyotajiwa kwenye simu, Sh20,000 na kitu, ilikuwa ya kamera peke yake. Kumwona daktari ni mbali, na kupima vile vinyama maabara ni mbali, na hilo la mwisho niliambiwa baada ya kuzinduka, dada yangu akihesabu noti za nauli. Jambo hili halifai. Mgonjwa aliyetoka Malindi hawezi kusema atarudi kesho. Uliza mapema bei ya kila kitu, pamoja na maabara na ripoti, na uombe wakuandikie kwa meseji. Uliza pia kama wana mkataba na SHA, bima ya afya ya serikali. Hawa hawakuwa nao, kwa hiyo michango yangu haikunifaa kitu pale, na ule mchango wa chini wa Sh300 kwa mwezi unaendelea kulipwa vile vile. Halafu dawa: walitaka nizinunue kwao. Nilichukua karatasi tu, nikanunua Malindi kwa bei ya chini zaidi: omeprazoli, amoksisilini na klarithromaisini, siku 14. Mdomo ulikuwa mchungu kama nimelamba chuma, hiyo ni klarithromaisini, lakini ukikatiza unawafunza bakteria kuizoea dawa.

Kurudia kipimo sikuhitaji kamera tena. Wiki 4 baada ya kumaliza antibayotiki, na wiki 2 bila omeprazoli, nilipeleka choo maabara hapa hapa mjini, wakatafuta chembe za bakteria. Hakuna. Ukiambiwa upimwe damu badala ya choo, kataa: damu huendelea kuonyesha alama za bakteria hata wakiwa wameshakufa, na utauziwa dawa tena bure. Mwili umerudi, nguo nimezifumua pembeni. Gesi bado huja nikila maharagwe usiku. Mgongo natumia paracetamoli na mazoezi, na ovaloki ndiyo kwanza nimeanza tena kuiwekea.

Shangazi yangu wa Mambrui ana habari tofauti na yangu. Kwanza nyama ilikuwa ikimkwama kooni, sasa hata wali lazima ausukume na maji. Anasema ni uzee, na watoto wake wanataka kungoja korosho ziuzwe. Saratani ya koo la chakula ipo kwa wingi huku Afrika Mashariki, na kukwama kwa chakula ni dalili yake kubwa, kwa hiyo hapa sijauliza bei wala tarehe. Rufaa yake imeshaandikwa, daktari yule nimempigia, na Jumatatu tunapanda matatu naye.