Daraja la waya la shuleni kwetu: nyota nne

Nyota nne kati ya tano. Ile ya tano nimeizuia kwa sababu ya kiteremko cha upande wa shule, nitafika huko.

Mimi ni mzaliwa wa Karagwe, nafundisha Kiswahili kusini mwa Rwanda. Kati ya kijiji na shule kuna mto mdogo unaomwaga maji Nyabarongo, na juu yake daraja la waenda kwa miguu. Halina minara mirefu. Nyaya za chuma zimefungwa kwenye zege kila ng'ambo, katikati limebonyea kama kitanda cha kamba. Linanesa. Mgeni hushika waya kwa mikono miwili. Wanafunzi wangu hukimbia makusudi ili linese zaidi. Ninachokisifu kuliko vyote ni wavu wa pembeni: hata mtoto wa chekechea anapita peke yake na kidumu chake.

Wenyeji wanakumbuka magogo mawili tu. Mvua za itumba, Machi hadi Mei, ziliyasomba, yakawekwa mengine, yakasombwa tena. Mto ukifura, vijana wenye nguvu walibeba watoto mgongoni kwa malipo. Asiye na hela alibaki nyumbani. Mwalimu mmoja mkongwe anasema alijua mvua imenyesha milima ipi kwa kutazama rejista ya darasa.

Madaraja ya aina hii yameenezwa sana na shirika la Marekani, Bridges to Prosperity, lililoanza 2001. Mwanzilishi wake, Ken Frantz, aliona picha katika jarida la National Geographic ya watu wakivutwa kwa kamba juu ya pengo la daraja la kale la mawe, Mto Abay (Nili ya Buluu), Ethiopia. Rwanda walifika 2012. Wanakijiji nao huchangia mawe, mchanga na nguvu zao.

Kwetu linaitwa daraja la shule, lakini saa nne asubuhi ni la akina mama wa ndizi waendao sokoni. Sishangai kwamba huko Nikaragua wachumi Brooks na Donovan, katika utafiti uliochapishwa 2020, waliona faida ya mashamba ikipanda kwa karibu asilimia 75 vijiji vilipopata madaraja kama haya.

Sasa kiteremko. Ni udongo mtupu, na mvua ikinyesha mtoto anavuka salama kisha anaangukia matope mlangoni mwa shule. Kwenye umuganda, kazi ya pamoja ya jamii ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi, tulipanga mawe, maji yakayachukua. Panahitaji ngazi za zege na mfereji wa kando.

Halafu nyinyi wenye pikipiki. Wakati wa kutoka shule mnapita injini ikiunguruma, watoto wamebanwa kwenye wavu. Zima, shuka, sukuma. Ni hatua chache tu, na abiria wako ana miguu.