Kununua nyumba miji midogo ya pwani wakati bei zimepoa: ipi uanze nayo, ipi uiache

Kati ya 2011 na 2014, ukitafuta nyumba ya kupanga Mtwara mjini ulikuwa unashindana na kampuni za gesi. Visima vya kina kirefu baharini vilikuwa vimeanza kuleta habari njema tangu 2010, wageni wakamiminika, na wenye nyumba wengine walihama kwenye nyumba zao wenyewe wakapangisha. Wengine walikopa benki wakajenga. Kisha mwishoni mwa 2014 bei ya mafuta duniani ikaporomoka, kampuni zikapunguza watu, na kiwanda cha kusindika gesi kilichotajwa kujengwa Likong'o, Lindi, kikabaki kwenye mazungumzo. Bagamoyo nako hali ilikuwa hiyo hiyo. Makubaliano ya bandari ya Mbegani yalisainiwa 2013, jiwe la msingi likawekwa Oktoba 2015, mwaka uliofuata mradi ukasimama, na 2019 Rais Magufuli akatamka hadharani kwamba masharti yake hayakubaliki.

Baba yangu mdogo alinunua kiwanja Zinga, Bagamoyo, mwaka 2014. Dalali alimwonyesha ramani ya bandari kwenye simu, akamwambia akichelewa wiki moja bei itapanda. Alitoa karibu kiinua mgongo chote. Leo kiwanja kipo, kina mikorosho miwili na nyasi za kiunoni, na yeye bado ni mpangaji Mbagala.

Kwa hiyo mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya mtu anayetaka kuishi: mstaafu, mwalimu aliyehamishiwa kusini akapapenda, kijana anayemtafutia mama yake pa kupumzikia. Nimepanga aina tano za nyumba na viwanja utakavyoletewa na madalali, kuanzia ile ningeichukua kwanza. Kipimo changu ni kimoja tu: ninalipia kilichopo mtaani leo, yaani maji, hospitali, barabara na majirani. Bandari au kiwanda kinachotajwa kwenye redio sikilipii hata shilingi.

Ya kwanza: nyumba ambayo mwenyewe anaishi ndani

Mtafute mwenye nyumba anayehamia kwa watoto wake Dar, au mtumishi aliyehamishiwa Dodoma. Nyumba aliyoijenga kwa ajili ya familia yake ina jiko mahali pa jiko, ina kivuli, ina choo kisichofurika masika. Zile zilizojengwa haraka ili zipangishwe kwa wageni wa gesi mara nyingi zina vyumba vingi vyenye choo ndani, lakini shimo la maji taka ni moja na dogo.

Fika saa kumi na mbili asubuhi, ufungue bomba mwenyewe. Kama kuna kisima, onja maji. Kusini mwa pwani kisima kinaweza kuwa na maji baridi mwezi wa nne na kikawa cha chumvi mwezi wa kumi na moja, mvua zikiwa zimekatika miezi mingi. Onja tena siku ya bamvua, maji ya bahari yakijaa. Halafu tembea kwa majirani watatu, salimia vizuri, uliza kwa nini mzee anauza. Jirani wa nyuma ndiye anayejua kama mpaka una ugomvi.

Kwa aina hii Manispaa ya Mtwara-Mikindani naiweka mbele ya miji mingine ya pwani ya kusini. Ina bandari inayofanya kazi, ina biashara ya korosho, na Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini ipo Mitengo. Mji ambao watu wake wana kazi hata mgeni asipokuja ndio mji ambao nyumba yako itapata mnunuzi siku ukihitaji kuiuza. Lindi naiweka ya pili. Ni tulivu, ghuba yake ni nzuri, lakini mzunguko wa pesa ni mdogo. Na kwa yeyote anayekwenda kliniki Muhimbili kila mwezi, akumbuke masika ya 2024: mvua na kimbunga Hidaya vilipokata barabara eneo la Somanga, Lindi na Mtwara zilikaa siku kadhaa bila njia ya gari kwenda Dar.

Ya pili: pagale lenye hati

Bei zikipoa, mapagale ndiyo yanayojaa sokoni. Mtu alijenga hadi lenta, pesa ikaisha, akaondoka. Hapa mnunuzi makini anaweza kupata kitu kizuri kwa bei nzuri kuliko aina zote, na anaweza pia kununua kifusi. Tofauti iko kwenye mchanga.

Pwani kuna mafundi wanaochota mchanga ufukweni kwa sababu uko karibu. Chumvi ya mchanga huo inakula nondo kutoka ndani. Mwaka juzi niliingia pagale moja nje kidogo ya Lindi, kwa macho lilikuwa limesimama vizuri, kuta zimenyooka. Nikatoa ufunguo wa mlango mfukoni nikakwaruza tofali, likamwagika kama sukari. Nikatazama chini ya lenta ya dirisha, kulikuwa na ufa mwembamba unaokwenda sambamba na nondo, pembeni una rangi ya chai. Nilipogonga na nyundo ndogo zege lililia tupu, kipande cha kiganja kikaanguka, na nondo ndani ilikuwa imebaki nyembamba kama spoku ya baiskeli. Mwenye nyumba alikuwa mtu mwema, hakujua. Fundi wake alijua.

Kwa hiyo beba ufunguo, nyundo na tochi. Kwaruza tofali za chini na za juu. Fuata nyufa: ufa unaokatiza ukuta kimshazari unakuambia habari za msingi, ufa unaofuata nondo unakuambia habari za chumvi. Kozi mbili za juu, ambazo zimenyeshewa miaka yote bila bati, hesabu kwamba utazibomoa. Mlete fundi wako mwenyewe kutoka mji mwingine, umlipe nauli na posho, kwa sababu fundi wa pale anaweza kuwa ndiye aliyejenga.

Ukilipata pagale la mchanga wa mto, lenye msingi mzuri na hati mkononi, ongeza gharama ya kupaua mara moja kwenye bei yako. Bati jembamba la geji 30 karibu na bahari ni hasara. Nunua geji 28 iliyopakwa vizuri, na misumari isiwe ya bei ya kutupa, maana kutu huanzia pale msumari ulipotoboa.

Ya tatu: nyumba ya mawe ya mji mkongwe

Mikindani, Kilwa Kivinje, Bagamoyo, Pangani. Nazipenda nyumba hizi kuliko nyingine zote, na bado nimeziweka ya tatu.

Ukuta wake ni wa mawe ya matumbawe na chokaa, unene wa mkono mzima, ndani kuna ubaridi hata Februari. Dari imebebwa na boriti za mikoko, ndiyo maana vyumba ni vyembamba na virefu: boriti haiwezi kuvuka zaidi ya kama mita tatu. Panda ghorofani, shika kila boriti pale inapoingia ukutani, maana ndipo inapooza. Na kama mtu ameshapiga lipu ya saruji juu ya chokaa, punguza bei sana. Ukuta wa matumbawe unahitaji kupumua. Saruji inafungia unyevu ndani, chumvi inasukuma nje, lipu inabanduka vipande vipande na kuondoka na jiwe. Matengenezo yake ni chokaa kwa chokaa, na mafundi wa chokaa ni wachache. Tena kwenye eneo la mji mkongwe linalolindwa huwezi kubomoa wala kuongeza ghorofa bila kibali cha Idara ya Mambo ya Kale.

Lakini ugumu mkubwa ni nani anauza. Nyumba ya babu ina warithi Dar, Unguja, Mombasa, wengine Maskati. Mmoja akikuuzia bila wenzake, umenunua kesi. Dai barua ya mahakama inayomtaja msimamizi wa mirathi, kisha omba warithi watu wazima wote watie saini, hata kama itachukua miezi.

Kuna jambo jingine ambalo vijana wengi hawalijui. Mwaka 1971 serikali ilitaifisha majumba yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba, na baadaye yakaenda Shirika la Nyumba la Taifa. Miji ya pwani yenye maduka ya zamani ina nyumba kama hizo. Anayekaa ndani anaweza kuwa mpangaji tangu enzi za baba yake, na anachokuuzia ni kilemba, yaani haki ya kuingia kupanga. Nyumba haiwi yako. Uliza shirika kabla ya kutoa hata advansi.

Pangani nina neno la peke yake. Barabara ya Tanga–Pangani–Saadani–Bagamoyo na daraja la mto vinabadilisha mji ule, na hayo ni mambo yanayoonekana kwa macho. Ila bahari pale inakula ufuo. Muulize mzee yeyote akuonyeshe maji yalikuwa yanafika wapi alipokuwa mtoto, usimame pale, kisha ndipo uangalie nyumba.

Ya nne: nyumba ya mnada

Waliokopa kujengea wageni wa gesi, wengine walishindwa kulipa, na nyumba zikapigwa mnada. Bei inavutia. Mara nyingi aliyefilisiwa bado anaishi ndani na watoto wake, na kuna zuio la mahakama au mke anayesema hakutoa ridhaa kwenye rehani. Ukishindwa kukaa na kesi ya miaka, ipite. Ukiweza, nenda na wakili tangu siku ya tangazo la mnada, siyo baada ya kushinda.

Ya mwisho: kiwanja cha ufukweni na kiwanja cha "mradi unakuja"

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka baharini. Kiwanja cha mita 50 kwa 40 kinachogusa mchanga kinaweza kuwa chote ndani ya katazo hilo. Beba futi ya kamba, anzia kwenye alama ya maji makuu, yaani pale bahari inapofika ikijaa kabisa, upime mwenyewe. Msimbati, ufuo mzuri sana kusini ya Mtwara, uko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma tangu 2000, na hifadhi ina masharti yake. Upande wa barabara kuu nako kuna mita 30 kila upande ambazo ni hifadhi ya barabara, na huko alama ya X ya kubomolewa huja bila kubisha hodi.

Viwanja vya Zinga, Mlingotini, Likong'o na kwingineko vinavyouzwa kwa jina la mradi, vinunue tu kama ungevinunua hata mradi usipokuja. Na bei iwe ya shamba la mikorosho.

Bei na karatasi

Wauzaji wengi bado wana bei ya 2013 kichwani. Usibishane nao. Tafuta nyumba tatu mtaani zilizouzwa kweli, uliza zilikwenda kwa ngapi, kisha uliza kodi ya mwezi. Nyumba inayopangishwa kwa shilingi 150,000 inaingiza 1,800,000 kwa mwaka, kwa hiyo ukiambiwa milioni 60 utahitaji miaka zaidi ya 33 ya kodi kurudisha pesa, kabla hata ya kupaka rangi. Mwonyeshe mwenye nyumba hesabu hiyo kwa heshima, kwenye karatasi, chai ikiwa mezani. Na wakati huu soko limepoa, ukirudi baada ya mwezi utamkuta bado yupo.

Mhuri wa serikali ya mtaa unathibitisha kwamba majirani wanamtambua muuzaji. Hauwi hati. Chukua nakala ya hati miliki au barua ya toleo, nenda ofisi ya ardhi ya mkoa, lipia upekuzi rasmi. Utaona jina, rehani, zuio, na miaka ya umiliki iliyobaki, kwa sababu hati zetu ni za miaka 33, 66 au 99. Deni la kodi ya pango la ardhi uliza hapo hapo. Uhamisho hausogei mpaka lilipwe, na mara nyingi mwenye nyumba aliyehama miaka kumi ana deni refu. Mke au mume wa muuzaji aje mwenyewe kutia saini, kwani Sheria ya Ndoa ya 1971 inalinda nyumba ya familia. Mkataba useme wazi nani analipa kodi ya ongezeko la mtaji, ambayo ni ya muuzaji, na nani analipa ushuru wa stempu.

Lipa kwa benki, kwa awamu, na awamu ya mwisho ibaki hadi jina lako litokee kwenye hati. Lakini kabla ya yote hayo omba kulala pale usiku mmoja mwezi wa saba, kusi likivuma. Asubuhi pitisha kidole kwenye vioo vya upande wa bahari, ukilambe. Kikiwa na chumvi, rudi mezani na mwenye nyumba mzungumze bei ya madirisha na bati kabla hujasaini.