Probayotiki ya kuku wa nyama: bidhaa huenda ni nzuri, muuzaji hapana

Si kawaida yangu kulalamikia dawa au virutubisho vya mifugo, lakini kwa hili nimeshindwa kunyamaza. Niliingia dukani kutafuta unga wa probayotiki, yaani bakteria hai wenye faida utumboni, wa kuchanganya katika maji ya kuku wa nyama, nikahudumiwa na kijana mwenye koti jeupe aliyejitambulisha kuwa ndiye mtaalamu wa duka. Nilimweleza kwamba kuku wangu wameanza kuharisha na maranda ya sakafuni yanalowa. Bila kuuliza wana umri gani wala kinyesi kina rangi gani, alishusha pakiti ya probayotiki na nyingine ya antibayotiki, akaziweka pamoja juu ya kaunta, akaniagiza nizikoroge zote mbili katika ndoo moja.

Nikamuuliza kama bakteria wa pakiti ya kwanza si hai. Akakubali. Nikamuuliza kama pakiti ya pili si dawa ya kuua bakteria. Akakubali tena, wala hakuona tatizo. Nilipotaka anieleze ni nani atakayesalia katika ndoo hiyo, alinitazama kuanzia kichwani hadi miguuni na kusema kwa sauti iliyosikika duka zima, "Mama, kwani wewe ni daktari? Wenzako wanatumia hivyo hivyo."

Nikikumbuka maneno hayo damu inanichemka. Kazi yote ya probayotiki inategemea uhai wa bakteria hao, kwa kuwa hugombea nafasi na chakula utumboni dhidi ya waharibifu kama Salmonella na Clostridium perfringens, na wale wa jamii ya Lactobacillus hutoa asidi inayowanyima waharibifu hao raha ya kustawi. Jambo lenyewe si geni: mwaka 1973 watafiti wa Finland, Nurmi na Rantala, walionyesha kwamba vifaranga wakipewa vijidudu vya utumbo wa kuku wakubwa hupata kinga dhidi ya Salmonella. Sasa mtu anayelipwa kuuza bidhaa hiyo anakuuzia moto pamoja na maji ya kuuzima, kisha anakukejeli ukiuliza.

Kwa haki, niseme kwamba kama ndani mlikuwa na mbegu (spora) za bakteria wa aina nyingine, Bacillus subtilis, huenda zingestahimili misukosuko mingi, hata joto la kutengenezea chakula cha tembe, ambalo Lactobacillus hawaliwezi. Ningejuaje, ilhali pakiti imeandikwa "bakteria rafiki" tu, bila jina la bakteria wala idadi yao kwa gramu? Haikusema hata kwamba maji yenye klorini huwaua. Iliagiza ihifadhiwe mahali pakavu na penye ubaridi, nayo ilikuwa imepangwa kwenye rafu ya juu kabisa, chini ya bati, tarehe ya mwisho wa matumizi ikiwa imefutika nusu. Nilipoibonyeza, unga ulikuwa umeganda kama kipande cha sabuni. Yule kijana aliichukua, akaigonga mara mbili ukingoni mwa kaunta, akanirudishia. "Imeachia," akasema.

Niliondoka bila kununua chochote. Daktari wa mifugo alipopima kinyesi alikuta koksidiosisi, ugonjwa wa vimelea vya utumbo ambao una dawa yake na ambao probayotiki haiutibu, kwa hiyo pakiti ile, iwe hai au imekufa, isingeniponyeshea kuku.

Hapo nilikusudia kuwaambia wafugaji wenzangu waachane kabisa na unga huu, lakini nafsi inanisuta. Kundi lililotangulia nililipa bidhaa hii hii, niliyoipata kwingine, tangu vifaranga walipoingia bandani: kinyesi kilishikamana, maranda yalibaki makavu, na ule ukali wa amonia unaochoma macho ukiinama karibu na vyombo vya maji haukuwapo. Siwezi kuapa kwamba ni probayotiki peke yake, kwa kuwa hata hewa ya banda ilikuwa nzuri msimu ule, ila sina sababu ya kuisema vibaya. Nitainunua tena, na pengine mapema kuliko ninavyopenda kukiri, mradi muuzaji aweze kunitajia jina la bakteria aliyemo. Kwa yule wa koti jeupe sirudi, hata akinipa bure.