TAHADHARI: Anauza "kibodi za swichi" hapa Dodoma, anakuletea za mpira

Ndugu zangu wa Dodoma, hasa wanachuo, wacheza gemu na sisi tunaokula kwa kuchapa, naomba msome hili kabla hamjatuma hela kwa mtu yeyote. Kuna kijana anauza kibodi mtandaoni. Anajitangaza kwa video fupi na kwenye stetasi za WhatsApp, anasema yuko mjini karibu na Nyerere Square. Mimi amenipiga 175,000. Baada ya kuanza kuulizia nimewapata wengine wawili aliowafanyia hivyo hivyo, kila mmoja kwa namna yake.

Jina na namba yake siviweki hapa. Suala liko polisi, na isitoshe ukurasa wake ameshaubadilisha jina mara mbili tangu nimjue, kwa hiyo ukikariri jina moja atakujia kwa lingine. Mtamtambua kwa mbinu zake, ndiyo maana nazieleza kwa kirefu.

Nina steshenari ndogo Ng'ong'ona, jirani na chuo. Msimu wa tasnifu nachapa kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa nne usiku. Kibodi ya kawaida hainimalizii mwaka, herufi A na kitufe cha nafasi ndivyo vinavyotangulia kufa. Tena kibodi ya mpira, yaani hiyo ya kawaida yenye shuka la mpira chini ya vitufe, inakulazimisha ubonyeze mpaka chini kabisa ndipo herufi itokee, kidole kinagonga, na ukifika ukurasa wa hamsini viungo vinawaka moto. Mdogo wangu anayecheza gemu ndiye aliyenionyesha kibodi za swichi, zile ambazo wengine wanaziita za mekanika. Kule kila kitufe kina swichi yake, ndani yake mna springi na vipande viwili vya chuma vinavyogusana. Swichi nyekundu za Cherry, kampuni ya Ujerumani ambayo muundo wake ndio ulioigwa na karibu kila mtu, zinatoa herufi ukishabonyeza milimita 2 tu kati ya 4, kwa nguvu ya gramu kama 45. Huna haja ya kugonga chini. Anayechapa kutwa nzima anajua hiyo ni nafuu kubwa kiasi gani.

Nilichukua muda kuchagua, maana swichi zinatofautishwa kwa rangi na kila rangi ina tabia yake. Bluu inalia "tik" kila unapobonyeza, wengine wanaipenda sana, lakini ofisini kwangu wateja wamekaa wanasubiri, na hosteli ndiyo usijaribu kabisa. Nyekundu inateremka laini moja kwa moja, mdogo wangu anaitaka hiyo kwa gemu zake za kufyatuliana risasi. Mimi nilitaka kahawia, ina kigongo kidogo unachokihisi njiani bila kelele, kidole kinajua kwamba herufi imeingia. Na nilitaka yenye swichi za kuchomoa na kuchomeka, maana kwa vumbi la hapa Dodoma miezi ya kiangazi na upepo wake, swichi moja ikiziba unataka uing'oe, uweke nyingine, uendelee na kazi bila kutafuta fundi wa kuchomelea.

Basi nikamwandikia. Alijibu vizuri, kwa heshima zote. "Dada yangu, mzigo upo, kahawia nimebakiwa na mbili." Akanitumia video, mkono unachapa, mlio mzito na mtamu kama mvua ya kwanza juu ya bati. Bei akasema 120,000. Halafu akaniuliza kama nataka aniboreshee: kofia za vitufe (vile vifuniko vyenye herufi) za plastiki ya PBT kwa 35,000 na kupaka swichi zote grisi kwa 20,000. Nilikuwa nimesoma kidogo, najua mambo hayo ni ya kweli na watu wanayafanya. Grisi ikipakwa kwa kiasi inaondoa mkwaruzo wa plastiki na mlio wa springi. PBT haing'ai haraka kwa mafuta ya vidole kama plastiki nyingine iitwayo ABS. Kwa hiyo alinikamata kwa maneno ambayo nilishayaamini.

Nikamwambia, "Kaka, basi nije dukani niione." Hapo ndipo ilipoanza. Mara duka limefungwa wako kwenye hesabu za mwisho wa mwezi, mara mzigo wenyewe uko kwa fundi unapakwa grisi, mara kaenda Kariakoo kufuata mwingine. Mwisho akasema atampa bodaboda aniletee, ila nilipie kwanza kwa sababu fundi anadai. Nikatuma. Jina lililokuja kwenye muamala halikuwa la kwake, nikamuuliza, akasema ni laini ya shemeji yake. Ndugu zangu, hapo nilipaswa kusimama. Sikusimama.

Bodaboda alifika saa moja jioni na boksi limezungushiwa gundi ya karatasi pande zote. Nikalifungua, nikaichomeka kibodi, taa za rangi zikawaka zikatembea kama upinde wa mvua, mdogo wangu akafurahi. Nilipoandika mstari wa kwanza nikajua. Vidole havidanganyi. Kulikuwa na ule ulaini wa kubonyeza tope, ule ule wa kibodi yangu ya zamani. Hakuna kigongo, hakuna chochote, unazama mpaka chini ndipo herufi inatokea.

Nikachukua klipu mbili za karatasi, nikazikunja ncha, nikazipitisha pande mbili za kofia ya kitufe F nikaivuta juu. Chini yake palikuwa na kijiti cheupe cha plastiki chenye alama ya msalaba juu. Huo msalaba ndio unaowadanganya watu, kwa sababu swichi za kweli nazo zina msalaba. Lakini swichi ya kweli ni kitu kizima: ina boksi lake la plastiki la mraba, msalaba umesimama katikati, na kwa nyingi, ukitazama kwa pembeni unaona springi au chuma kikimeremeta. Hiki cha kwangu kilikuwa kijiti kitupu ndani ya tundu lililotobolewa kwenye gamba la kibodi. Nikakibonyeza kwa kalamu, nikahisi mpira.

Usiku ule ule nikafungua skrubu za nyuma. Ndani mlikuwa na karatasi laini za plastiki zilizochorwa njia nyeusi, na juu yake shuka moja la mpira lenye vichuguu vidogo vidogo, kimoja kwa kila kitufe. Basi. Hakuna springi hata moja. Nilimlipa mtu shilingi 20,000 apake grisi swichi ambazo hazipo.

Na zile kofia za "PBT"? Nilizigeuza. Juu nyeusi, ndani nyeupe kama maziwa. Maana yake ni plastiki nyeupe iliyopulizwa rangi nyeusi, herufi zikachongwa kwa mwanga ili taa ipenye. Nilikwaruza pembeni kwa ukucha wa kidole gumba, rangi ikatoka. Kofia zilizotengenezwa kwa plastiki mbili zilizounganishwa, ukizigeuza unaiona herufi kwa ndani ikiwa na rangi yake, na hazibanduki.

Nilirudi kusoma boksi. Kwa herufi ndogo za Kiingereza limeandikwa kwamba kibodi hiyo ina "hisia" ya mekanika. Neno hilo moja ndilo analojificha nyuma yake. Nilipompigia aliniambia, bila wasiwasi hata kidogo, "Dada, hiyo ni mekanika ya mpira, ni toleo jipya." Hakuna kitu kama hicho kwa maana aliyoniuzia. Aliniambia kahawia, aliniambia za kuchomoa, na ujumbe wake ninao. Baada ya hapo akanifungia.

Nisieleweke vibaya. Kibodi ya mpira si kosa. Nimesomeshea wadogo zangu kwa kuchapa kwenye kibodi za mpira, na ukiuziwa kwa bei yake na kwa jina lake hakuna ugomvi. Kosa ni kumchukulia mtu akiba ya miezi minne kwa jina la kitu kingine.

Kijana mmoja wa chuo alifanyiwa jambo la kijanja zaidi. Yeye alipewa kibodi ya swichi kweli, swichi za kampuni ya Outemu. Akaahidiwa kwamba anaweza kuchomeka swichi za kampuni yoyote, akanunua za Gateron kwa mtu huyo huyo, swichi sabini na ushee. Hazikuingia. Matundu ya baadhi ya kibodi za bei nafuu yametengenezwa kwa miguu myembamba ya Outemu pekee, ukilazimisha miguu ya kampuni nyingine inapinda au tundu linaharibika. Aliharibu matundu manne kabla hajaacha. Muuzaji akamwambia ni yeye hajui kuchomeka. Hapo msichanganye na suala lingine la swichi za miguu mitatu na mitano: mitano ina vijiti viwili vya ziada vya plastiki, hivyo unaweza kuvikata kwa mkasi wa kucha na swichi ikafanya kazi sawasawa. Miguu ya chuma kuwa minene haina dawa ya mkasi.

Mama mmoja wa Nkuhungu, alikuwa akimnunulia mwanawe, hakupata kitu kabisa. Alitumiwa picha ya risiti ya kifurushi cha basi, akaenda stendi Nanenane mara mbili. Risiti ilikuwa ya tarehe ya wiki iliyotangulia malipo yake.

Wacheza gemu, kwenu ana wimbo mwingine. Anatangaza kibodi ambayo kitufe "kinajiweka upya papo hapo" ukiinua kidole hata kidogo, huku picha anayoweka ni ya swichi za kawaida za chuma. Uwezo huo upo, lakini umezoeleka kwenye swichi za sumaku, zinazopima kitufe kiko kina gani muda wote. Swichi ya chuma inajua mambo mawili tu, imegusa au haijagusa. Mwulizeni kama ni za sumaku, mwone atakavyohama mada.

Sasa la kufanya. Jambo moja linazidi mengine yote: usilipe mpaka umevuta kofia moja ya kitufe kwa mkono wako mwenyewe. Inachukua nusu dakika, haiharibu kibodi, na wauzaji wengi wa kweli wanaweka kifaa cha kung'olea kofia ndani ya boksi. Muuzaji anayekataa usivute, achana naye hapo hapo hata kama bei inakuvutia. Ukiambiwa swichi zinachomoka, achomoe moja mbele yako, uione miguu yake miwili ya chuma. Kama unanunua kofia za kubadilisha, pima kitufe cha nafasi na vile vya mstari wa chini, maana baadhi ya kibodi zina vipimo vyao vya peke yake na seti nyingi hazitakaa. Inua pia kibodi yenyewe, ya swichi huwa nzito kuliko unavyotarajia. Na ukiwa na kompyuta karibu, shikilia Shift zote mbili kwa pamoja halafu chapa sentensi ndefu. Kibodi nyingi za mpira zitameza herufi kadhaa. Kipimo hicho peke yake hakitoshi kuhukumu, lakini kwa mtu anayekimbia, anayeruka na kufyatua kwa wakati mmoja, kumezwa kwa herufi ni kufa.

Video msiiamini. Mlio hauthibitishi kitu, unaweza kuwekwa juu ya picha yoyote. Mwombe akupigie kwa video ya moja kwa moja, avute kitufe utakachochagua wewe, kwa mfano "vuta namba 7." Huyu wangu nilipomtegea kwa simu ya rafiki yangu, mtandao wake ulikatika ghafla mara tatu.

Kwa ambao hela imeshatoka: msifute ujumbe wa muamala wala mazungumzo ya WhatsApp hata kama mnaona aibu. Ripoti namba yake kwa kutuma neno UTAPELI kwenda 15040. Nendeni kituo cha polisi mkafungue RB, mkiwa na nakala zilizochapwa za mazungumzo. Niliambiwa waziwazi kwamba malalamiko ya mtu mmoja yanaonekana kama ugomvi wa bei, yakiwa ya watu kadhaa juu ya namba ile ile yanakuwa kitu kingine. Mimi na yule kijana tumeshaandika maelezo. Mama wa Nkuhungu amesema anakuja wiki hii.

Kama na wewe umempa hela, au unashuku ni yeye, njoo Ng'ong'ona na simu yako tulinganishe namba. Kuchapa mazungumzo yenu kwa ajili ya polisi nitawafanyia bure. Nipo mpaka saa mbili usiku, Jumapili mpaka saa saba mchana. Kibodi yenyewe iko hapo kaunta, nimeiacha imefunguliwa mgongo, shuka lake la mpira liko pembeni, na karibu yake nimeweka swichi moja ya kweli niliyopewa na yule kijana. Pita uzishike zote mbili.