Pimamaji ya kidijitali chini ya pikapu ya madafu

Haya wapenzi watazamaji, karibuni tena. Leo niko Changamwe, nimelala juu ya kadibodi chini ya gari, na jasho hili mnaloliona si la kuigiza. Kidude chenyewe ni hiki: pimamaji ya kidijitali yenye sumaku, ya kupima mwinamo kwa digrii, ukubwa wake kama kipande cha sabuni. Nimeinunua shilingi 2,500.

Pikapu hii hubeba madafu. Niliongeza majani ya springi nyuma, na tangu hapo ikifika kilomita 60 kwa saa barabara ya Malindi, kiti chatetema mpaka meno yagongana. Nikaipeleka gereji moja, wakabadilisha krosi zote mbili, vile viungo vya kupinda kwenye ncha za propela (ile shafti ndefu inayopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi nyuma), wakachukua pesa, na mtetemo ukazidi! Kumbe walipoichomoa propela hawakutia alama, wakairudisha yale meno ya kuteleza ya mchomeko wake (hapo ndipo propela hurefuka na kufupika) yakiwa yamekaa pengine.

Sogeza kamera. Mwaona masikio ya yoki (uma inayoshika krosi) ya mbele na ya nyuma ya hii propela? Lazima yalale usawa mmoja. Yakipishana, kila propela ikizunguka mara moja unapata mishtuko miwili. Hilo, pimamaji haikuambii. Ni macho yako, na tone la rangi kabla hujafungua nati ya kwanza.

Haya, pembe sasa. Magurudumu yakanyage chini, usiache difu (ile gia ya nyuma inayozungusha magurudumu) ikining'inia kwenye jeki, vipimo vitakudanganya. Kwenye flanji ya giaboksi, pale propela inapofungwa: digrii 4.2. Juu ya propela... ngoja, sumaku haishiki, kutu ya chumvi ya bahari hii, nipe brashi ya waya. Naam: 6.5. Kwenye difu: 1.0. Zote zateremkia nyuma, kwa hiyo natoa tu. Krosi ya mbele inapinda digrii 2.3, ya nyuma 5.5. Zinatakiwa zikaribiane, tofauti isizidi digrii 1, na kila moja isivuke 3 hivi. Wala usitafute sifuri: krosi isiyopinda hata kidogo, sindano za beringi zake hazizunguki, zinachimba shimo palepale.

Dawa ni kabari ya chuma ya digrii 3 kati ya springi na eksili, pua ya difu ipande. Nimeitia, kwenye difu nasoma 4.0. Yaani krosi ya nyuma sasa inapinda 2.5. Safi! Na ule mchomeko wa propela umebaki na nafasi ya kuingia sentimita 2.5, kwa hiyo gari likiruka tuta propela haitaisukuma giaboksi.

Ubaya wa kidude: ukikigeuza, namba zabaki juu chini, nimesoma kwa kioo cha kunyolea. Na sumaku yazoa vumbi la chuma. Usipoifuta, hupati kipimo cha kweli.

Pikapu nimeitoa mpaka Mtwapa. Kwenye 60, kimya. Kwenye 80, kimya. Kwenye 90 kuna kamtetemo kadogo. Nashuku kile kibati cha balansi (uzito mdogo wa kuizuia propela isiyumbe) kimedondoka, maana hapa pana alama ya weldi tupu. Kesho naichomoa propela tena, na safari hii rangi ninayo.