Uzoefu wangu na seti ya mitumbwi ya kuhesabia

Miezi minne iliyopita nilinunua seti ya kuhesabia katika duka moja la vifaa vya shule hapa mjini Mwanza, kwa shilingi 28,000, kwa ajili ya binti yangu wa miaka mitano anayesoma darasa la awali. Ndani ya boksi mna mitumbwi miwili ya mbao, samaki 20 wa mbao na kadi za namba. Kila mtumbwi una vishimo kumi, vitano kila upande.

Kabla ya hapo binti yangu alikuwa akitaja namba hadi thelathini kama wimbo, nami niliamini kwamba anajua kuhesabu. Siku ya kwanza nilimwekea samaki saba mkekani, akamgusa mmoja mara mbili, akafika nane, na nilipomuuliza, "Kwa hiyo wako wangapi?" akaanza upya kutoka moja. Hakuwa ametambua kwamba namba anayoishia ndiyo idadi ya samaki wote. Vishimo vilimwondolea kosa la kugusa mara mbili katika siku chache, kwa kuwa kila samaki anayepanda mtumbwini ana nafasi yake na hutajiwa namba moja tu. Kosa la pili lilichukua karibu mwezi mzima, na sioni kuwa ni muda mrefu.

Kujumlisha tulikuanza kwa mchezo wa soko. Shangazi yake anauza sato Mwaloni, Kirumba, na mtoto amemwona mara nyingi akipanga mafungu mezani, hivyo hakuhitaji maelezo: yeye muuzaji, mimi mteja. Nilikuwa nikisema, "Nipe fungu la watano, kisha uniongeze watatu," naye kila mara alihesabu wote tangu mwanzo. Jioni moja alijaza upande mmoja wa mtumbwi, akaweka watatu upande wa pili, akafunika wale wa kwanza kwa kiganja na kusema, "Mama, hawa ni watano tayari. Sita, saba, nane." Sikuwa nimemfundisha hilo, mtumbwi ndio uliomwonyesha tano kama kitu kimoja kisichohitaji kuhesabiwa tena.

Mtumbwi wa pili una faida yake. Lugha yetu hutaja kumi waziwazi katika kumi na moja na kumi na mbili, na mtoto anapoona mtumbwi uliojaa na samaki mmoja katika ule mwingine, anaona kwa macho kile anachokitamka.

Kadi, kwa upande mwingine, zimenisikitisha sana. Zimeandikwa "samaki mbili" na "samaki tano", ilhali mtoto anapaswa kusoma samaki wawili na samaki watano, na kwa namna hiyohiyo ajionee kwamba sita, saba, tisa na kumi hazibadiliki. Kosa la namna hiyo katika kifaa cha mtoto anayeanza si dogo. Kadi ya 8 imechorwa samaki saba. Binti yangu aliwahesabu mara tatu, akidhani anakosea yeye, hadi machozi yakamlenga, nami nililazimika kumweleza kwamba aliyekosea ni mchoraji. Niliirudisha kadi hiyo dukani lakini sikubadilishiwa. Rangi ya samaki nayo hubanduka wakilowa maji.

Hata hivyo ningeinunua tena kwa ajili ya mitumbwi peke yake, na kadi ningeziandika mwenyewe kwa kalamu nene. Mzazi ambaye bei hiyo ni nzito kwake anaweza kuchukua trei ya mayai 30, ambayo ina safu sita za vishimo vitano vitano, akate safu mbili mbili. Atapata mitumbwi mitatu, na maharage yatakuwa samaki. Niliwatengenezea hivyo watoto wa jirani, na sasa binti yangu huwauzia wao mafungu.