Feni shingoni, barafu kifuani: kipi kinapoza kweli ukikimbia?

Haya jamani, karibuni tena. Leo hapa mezani nina vitu vitatu: feni ya kuvaa shingoni, pete ya baridi, nayo ya shingoni, na hiki kizibao cha mifuko ya barafu, ambacho mke wangu anakiita jaketi la boti ya Zanzibar. Nimekimbia navyo wiki mbili, Coco Beach hadi Daraja la Tanzanite na kurudi, hapahapa Dar.

Feni haitatuchukua muda. Ukiwa umekaa, raha. Ukikimbia inadundadunda kwenye mfupa wa bega, na hewa inayopuliza ni ileile yetu yenye unyevu. Msuli ukifanya kazi, karibu robo tu ya nishati ndiyo inakusogeza mbele, kinachobaki ni joto. Jasho ndilo linaloliondoa, ila mpaka likauke juu ya ngozi. Lile linalotiririka hadi kwenye soksi limepotea bure. Sasa feni ikukaushe shingo tu, mgongo je?

Pete hii, hebu sogeeni muone. Ndani kuna kimiminika kinachoganda chini ya nyuzi 28, ndiyo maana haichomi kama barafu. Boksi linasema uichovye kwenye maji ya bomba. Bomba la wapi? Langu mchana linatoa maji ya kuogea mtoto! Niliiweka friji. Ukiivaa, kilomita ya kwanza unajiona mwepesi, unaongeza kasi. Na hapo ndipo ninapoiogopa. Shingo inahisi baridi haraka, kwa hiyo ukiipoza kichwa kinaona mambo shwari, huku joto la ndani linazidi kupanda. Watafiti waliwapima watu wakiwa wamepozwa shingo: walikimbia muda mrefu zaidi, wakaacha mwili ukiwa wa moto zaidi. Mimi siku ya nne nilifika nyumbani na kizunguzungu, nikakaa kwenye ngazi hata funguo sikuziona, na zilikuwa mkononi.

Kizibao sasa. Kukimbia nacho usijaribu: kizito, na barafu ikiyeyuka inachuruzika mpaka kwenye kaptula. Kazi yake ni kabla ya mbio. Athens 2004, marathoni ya wanawake, joto kali la jioni, Deena Kastor wa Marekani alipasha misuli akiwa na kizibao cha barafu, akakivua ndipo akaanza. Akachukua shaba, nyuma ya Mizuki Noguchi wa Japani na Catherine Ndereba wa Kenya. Sisemi barafu ndiyo iliyompa medali. Ila ukianza mwili umepoa, joto lina safari ndefu kabla halijakuzidi.

Mimi nilikaa nacho kibarazani dakika 20, juu ya fulana nyepesi, maana barafu ikigusa ngozi mishipa inabana na joto linabaki ndani. Kilomita tatu za kwanza jasho lilichelewa. Baada ya hapo nikalowa kama siku zote. Na kama wewe ni wa mita 100, achana nacho, msuli wa baridi hauna kasi.

Kwa hiyo feni nimempa shangazi, anauza mboga, anaifurahia kweli. Pete ipo kwenye droo. Kizibao nabaki nacho, ila mifuko yake imejaza friza, na ninaulizwa kila siku samaki wakae wapi.